Bati kumi na nne

Mwanangu,

Kamwene. Sisi hapa Iringa hatujambo, ni baridi tu inayotukamata magoti. Mama yako anakusalimu, anauliza kama yule mdogo ameacha kukohoa.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema usharika wenu hapo Makambako wamekuchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kwa kuwa dukani kwako kuna saruji na nondo, unauliza kama kuna ubaya ukiwauzia kwa bei ileile uliyonunulia, bila faida hata ya shilingi. Ningekujibu kwa simu ningejibu upesi, tena ningejibu vibaya. Acha niandike.

Unakumbuka zile Jumapili 11 tulizokuwa tukisali ng'ambo ya mji? Ulikuwa darasa la tano. Mlidhani nimegombana na mchungaji, na mimi nikawaacha mdhani hivyo. Mchungaji hakuwa na kosa lolote.

Kwanza nikwambie jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye miji kama yetu mfanyabiashara hachaguliwi uzee wa kanisa kwa sababu ya maombi yake. Inachaguliwa pikapu yake. Kuna msiba, pikapu ya mzee. Kwaya inakwenda jimboni, pikapu ya mzee. Halafu Jumatatu anakuja muumini anataka misumari kwa mkopo, ukisita anakuuliza, "Hata wewe mzee wa kanisa?" Na Jumapili amekaa benchi la mbele yako, anaimba sauti ya pili, nawe unamtazama kisogo unahesabu anachodaiwa. Mungu anisamehe, nimehesabu mengi katikati ya liturujia.

Sasa mimi nilikuwa mtu wa risiti, hilo unalijua. Mliimbishwa pale kaunta: risiti haimtukani mtu. Nililipata mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, nikiwa kijana wa kuuza duka la watu. Bosi wangu alichukuliwa usiku kwa ajili ya katoni za sabuni zilizokuwa stoo. Wenye maduka wengine walikuwa wanatupa mali mtoni kwa hofu. Yeye alitoka siku ya tatu, ndevu zimemjaa, kwa sababu nilichambua boksi zima la makaratasi nikaipata stakabadhi ya RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa. Kikaratasi kimeliwa na mende pembeni, lakini namba zinasomeka. Siku ile nikaapa.

Basi mtu huyohuyo, mwaka 1997, mvua za El Niño zinashuka, kanisa letu la zamani linavuja mpaka tumeweka sufuria madhabahuni, akachaguliwa kusimamia upauaji. Nikasema bati nitaleta mimi mwenyewe kutoka Dar, kwa bei ya kiwandani, usafiri juu yangu. Bati 300, geji 28. Lori lilikwama mlima Kitonga siku mbili kwa matope, na posho ya dereva na utingo wake nililipa mimi. Zilipofika, waumini walipiga vigelegele. Nani angeniambia niandike karatasi siku ile? Mimi mwenyewe ningemwona mchawi.

Mwaka uliofuata baada ya kanisa kukamilika, mkutano mkuu wa usharika, akasimama Mwalimu. Unamjua, yule mama wa Shule ya Jumapili aliyewafundisha wote Zaburi ya 23. Sauti ya chini kabisa. "Mwenyekiti, naomba kufahamu. Bati tulinunua ngapi, zimetumika ngapi, na risiti iko wapi?"

Hakuniita mwizi. Narudia, hakuniita mwizi. Lakini mimi nilisikia hivyo. Nikasimama nikasema nyumba ya Mungu hujengwa kwa imani, haijengwi kwa makaratasi. Mimi! Nikachukua kofia yangu nikatoka, na kwenye ngazi nikajikwaa mbele ya vijana wa kwaya. Hadi leo nikipita ngazi zile mguu unakumbuka.

Ndiyo zile Jumapili 11.

Ya kumi na mbili ilikuja kwa mkono wa mama yako. Alikuwa anapanga kaunta buku za zamani, akanisomea kwa sauti, bila kunitazama: "Bati 14, geji 28, zimeuzwa taslimu." Akauliza, "Geji 28 sisi tulikuwa tunaziuza lini?" Kweli dukani tulikuwa tunauza geji 30 tu. Zilikuwa mabaki ya kanisa. Fundi alimaliza, dereva akaziegesha stoo, mteja akaja, nikauza.

Nilisahau. Ndivyo nilivyomwambia mama yako. Nilikuwa na msongo wa madeni, watoto wanne shuleni, nilisahau. Ila mtu wa duka husahau mali? Mimi ninayejua leo hii kuna makomeo mangapi kwenye droo? Na hata kama ningekumbuka, ningesema si nililipa usafiri, posho na siku mbili za matope? Ningejilipa hivyo. Labda ndivyo nilivyofanya bila kujiambia. Nimelizungusha hili miaka zaidi ya 20, na kila nikizungusha linatoka upande mwingine.

Tukarudi kanisani. Baada ya ibada, kama kawaida, mnada nje: mayai, ndizi, miwa, jogoo mwekundu amefungwa miguu. Kwa jogoo nikataja bei ya bati 14. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. "Mzee amerudi!" Mchungaji akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilisimama pale na jogoo kwapani, nalipa deni na napigiwa makofi kama mfadhili.

Mwalimu hakupiga makofi. Jumatatu asubuhi alikuja dukani na kitabu cha risiti cha usharika, akaweka kaboni vizuri, akashika kalamu. "Niandike nini, mzee? Sadaka au deni?"

Sijui alijuaje. Labda alihesabu bati zile kwa kidole kutoka chini, mstari kwa mstari, wakati sisi tunahubiriwa. Dukani kulikuwa na wateja wawili.

Nikasema, "Andika sadaka."

Akaandika. Akachana, akanipa, akanunua pakiti ya misumari ya inchi mbili, akadai risiti yake, akaondoka. Hakulitaja tena mpaka tulipomzika, na siku ya mazishi yake ni mimi niliyesoma salamu za wazee wa kanisa.

Wewe ulitaka ndiyo au hapana. Sikupi. Wewe ni mtu mzima, una akili za mama yako, na dhamiri yako kuhusu bei siitilii shaka. Hata mimi kwenye bei sikukosea, niliwapa bei ya kiwandani kweli. Tena risiti haimtukani mtu, ukiandika kila mfuko huenda ukapita salama. Huenda. Lakini mnunuzi wewe, muuzaji wewe, mpokeaji stoo wewe, sasa hiyo risiti nani anampa nani? Haya, nilikuwa nimejizuia tangu ukurasa wa kwanza: saruji wakanunue kwa jirani yako. Hata akiwauzia ghali kidogo. Basi, nimeshasema, ulifanye utakavyo.

Ile risiti nimeiweka humu ndani ya bahasha. Wino umefifia lakini neno lile linasomeka. Ukija Krismasi rudi nayo, inakaa kwenye Biblia ya mama yako na bado hajui nimeitoa.

Baba yako