Glasi mbili baada ya upasuaji wa tumbo

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 33. Mwaka mmoja na nusu uliopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kubakiza mfuko mdogo wa tumbo na kuuunganisha na utumbo. Siku hizi glasi mbili za mvinyo zinanilewesha, na wiki hii nimekunywa siku nne. Rafiki yangu anasema uraibu wa chakula umehamia kwenye pombe. Lakini sikuwahi kuwa mlafi wala mlevi. Niko salama?

JIBU: Hapana. Na hiyo hadithi ya uraibu "kuhama" inanikera kuliko zote, kwa sababu kila asiyejiona mlafi huifanya ngao. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulipima jambo hili: waliokuwa wakila kupindukia kabla ya upasuaji hawakuonekana kuwa katika hatari kubwa ya tatizo la pombe kuliko wenzao. Walioonekana ni wanaume, vijana, wavutaji sigara, waliokuwa wakinywa mara kwa mara hata kwa kiasi, waliotumia dawa za kulevya, waliokosa watu wa kuwategemea, na waliofanyiwa upasuaji kama wako badala ya kufungwa mkanda unaobana tumbo kwa ndani. Jihesabu humo.

Kilichobadilika ni njia ya pombe. Zamani ilikaa kwanza tumboni. Sasa inateremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba na kuingia damuni kwa dakika chache. Wanawake waliopimwa baada ya upasuaji huu walikunywa vinywaji viwili, pombe damuni ikapanda kama ya vinne. Raha inayofika upesi namna hiyo ndiyo ubongo huizoea upesi, uwe ulikuwa mlevi au hukuwa.

Wengi hudanganywa na mwaka wa kwanza. Katika utafiti ule wa 2012, tatizo la pombe halikuongezeka mwaka huo. Liliongezeka wa pili. Wewe umo ndani ya mwaka wa pili.

Sasa hawa wanaouza unga wa "kuosha ini" na vidonge vya "kuzuia kulewa". Nimechoka kuwapokea wateja wao. Hakuna unga unaorudisha tumbo lililokatwa. Wala usiendeshe gari kwa hesabu ya glasi za zamani. Nawalaumu pia wapasuaji wanaomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na orodha ndefu ya vyakula, bila neno moja kuhusu pombe.

Acha pombe sasa, kabla haijawa ya kila siku. Anayekunywa kila siku tayari, akitetemeka na kutoka jasho anapoikosa, asiiache ghafla peke yake. Anaweza kupata degedege. Aende hospitali, na aseme mapema kwamba alipasuliwa tumbo, kwani huenda vitamini B1 imemwishia mwilini na anahitaji kupewa bila kuchelewa.