Usingizi wa Jumapili mchana unanikosesha usingizi wa usiku

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa Hiace ya Moshi–Marangu, nina miaka 38. Jumatatu hadi Jumamosi naamka saa 10 alfajiri na kulala saa 4 na nusu usiku. Jumapili ndiyo siku yangu. Naamka saa 3 asubuhi, tunakwenda ibada ya pili, tukirudi mke wangu anapakua machalari, nashushia na kata ya mbege, halafu saa 9 najitupa kitandani mpaka saa 12 jioni. Usingizi huo ni mtamu kuliko wote wa wiki. Shida ni usiku: napanda kitandani saa 3 ili niwahi Jumatatu, nageuka huku na huku hadi saa 7. Mke wangu anasema niache kabisa kulala mchana. Niache, au kuna kipimo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Kipimo kipo, ila nitakuomba uhamishe na mambo mengine mawili matatu ya Jumapili yako.

Tangu unapofumbua macho alfajiri, kuna kemikali iitwayo adenosini inayojikusanya kwenye ubongo. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi, na hiyo ndiyo inayoyafanya macho kuwa mazito usiku. Ukilala inapungua. Ichukulie kama njaa. Siku za kazi unapanda kitandani ukiwa umekaa macho masaa 18 na nusu. Njaa ni kali, usingizi unakubeba papo hapo. Jumapili umeamka saa 12 jioni na saa 3 usiku unataka kulala tena. Ni masaa 3 tu. Mtu aliyemaliza sahani mbili za machalari jioni hawezi kushangaa ugali wa usiku ukimshinda.

Halafu kuna saa ya mwili. Kati ya saa 7 na saa 9 mchana mwili hulegea wenyewe. Watu huusingizia mlo, na mlo mzito unachangia kweli, lakini hata asiyekula mchana hukutwa na kusinzia huko. Kuanzia jioni mwili hujiamsha tena. Wewe unaanza kulala pale ambapo ule ulegevu unakaribia kwisha, ukiamka jua linazama. Ukiongeza na kuamka saa 3 asubuhi, masaa 5 nyuma ya siku zako za kawaida, mwili unajiona kama umevuka bahari Jumamosi na kurudishwa Jumapili usiku.

Kwa hiyo nenda ibada ya kwanza. Najua unatamani kulala asubuhi, lakini ukiamka saa 12 au saa 12 na nusu, bado umejiongezea masaa 2 na saa ya mwili haijavurugika sana. Mle mapema, na saa 7 mchana ulale. Dakika 20 hadi 25 zinatosha mtu ambaye usiku wake uko sawa, kwa sababu usingizi bado ni mwepesi na unaamka bila uzito. Ukilala dakika 45 au saa moja, kengele inaweza kukukuta kwenye usingizi mzito, ukaamka umevurugika, kichwa kizito kwa nusu saa au zaidi. Wewe una upungufu mkubwa wa usingizi, kwa hiyo Jumapili nakuruhusu mzunguko mzima, yaani usingizi uingie uzitoni na kurudi kuwa mwepesi, kama saa moja na nusu, mradi saa 8 na nusu uwe umeshasimama. Mizunguko haifanani kwa watu wote, hivyo ukiamka na ule uzito usiguse usukani mpaka uishe. Lala kwenye kochi, tegesha simu na uiweke mbali na mkono. Mwezi wa 7, Moshi inapokuwa na mawingu na ubaridi, blanketi zito hugeuza dakika 20 kuwa masaa 2. Jifunike khanga tu. Ukiamka toka nje, tembea juani.

Mbege ihamie wakati mwingine, na iwe kidogo. Pombe inakulaza haraka kisha inaukatakata usingizi baadaye. Chai na kahawa navyo, mwisho saa 8 mchana. Kafeini huizuia ile adenosini isifanye kazi yake, na huchukua kama masaa 5 kupungua kwa nusu: kahawa ya saa 10 jioni, nusu yake bado unayo mwilini saa 3 usiku. Ukifika kitandani na usingizi hauji kwa dakika 20 hivi, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu bila simu, urudi macho yakilemea.

Sasa jambo lililonigusa zaidi. Usiku wa Jumapili unalala saa 7 hadi saa 10, masaa 3, kisha unabeba abiria. Siku nyingine unalala masaa 5 na nusu, wakati mtu mzima anahitaji angalau masaa 7. Ule utamu wa Jumapili ni wa mwili unaodai. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 3 limekwenda mita 66 bila dereva. Barabara ya Himo unaijua, na watoto wanaovuka unawaona kila siku. Nakuomba uanze kulala saa 3 na nusu usiku siku za kazi, na mchana ukiwa Marangu Mtoni unasubiri zamu, egesha kivulini, ulale dakika 20, konda akuamshe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, NASA, shirika la anga la Marekani, ilichunguza marubani wa safari ndefu: waliopewa dakika 40 za kupumzika walilala wastani wa dakika 26 hivi, nao walikuwa macho kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ukiwa na haraka, kunywa kahawa kabla ya kulala hizo dakika 20, maana itaanza kufanya kazi unapoamka. Na ukiwa na mafua usimeze Piriton ukaingia barabarani, inasinzisha.

Mwisho, muulize mkeo kama unakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika kidogo na unashtuka ukitweta. Akisema ndiyo, au ukiona unalala masaa 7 kwa wiki kadhaa na bado unasinzia kila ukikaa, njoo hospitali upimwe pumzi, presha, sukari na damu. Njoo naye, kwa sababu yeye ndiye aliyekusikia.