Nimekesha kusubiri, wakaniletea gemu ya simu!

SWALI: Kaka mambo, mwenzio nina hasira sina mfano. Kuna gemu nacheza tangu niko shule ya msingi, sehemu ya mwisho ilitoka zamani na iliishia patamu, shujaa kaingia kwenye lango, lango likajifunga, basi. Juzi wakasema kuna tangazo laivu, nikakesha, ule muziki wa zamani ukaanza nikasimama juu ya kitanda kabisa, kumbe ni gemu ya pembeni ya simu, vikatuni vinaokota sarafu! Nimesaini petisheni waifute, halafu nikamwandikia mchoraji wao mmoja maneno ambayo mama asiyaone. Dada ananicheka, anasema si usiicheze tu. Nimekosea wapi?
Msomaji mwenye hasira

JIBU: Pole mdogo wangu. Hapo pa kitandani nimecheka, ila hasira yako naielewa. Novemba 2018 kwenye BlizzCon, tamasha la mashabiki wa kampuni ya gemu ya Blizzard kule Anaheim, Marekani, watu walienda na hamu ya Diablo 4, sehemu mpya ya gemu yao kubwa, tangazo la kufungia ufunguzi likawa Diablo Immortal, ya simu. Jamaa akashika maiki akauliza huu ni utani wa Aprili Mosi uliokosea msimu au vipi. Ikaulizwa kama itakuja kwenye kompyuta, jibu hakuna mpango, ukumbi ukazomea, ndo Wyatt Cheng, mbunifu wa gemu hiyo aliyekuwa jukwaani, akashangaa: kwani nyie hamna simu? Mpaka leo watu wanamtania nayo.

Mimi naona simu ilionewa tu. Kosa ni pale walipoliweka, maana tangazo la mwisho kila shabiki anajua ni la kitu kikubwa. Wangeipitisha katikati harakaharaka, mwisho wakaonyesha hata nembo tu ya Diablo 4, watu wangepiga makofi. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, mwaka 2017 walionyesha nembo ya gemu yao ya Metroid Prime 4, nembo tupu, na mashabiki wakapiga kelele za furaha. Nintendo hao hao ndo walinuniwa 2015 walipotangaza Federation Force, gemu ya pembeni ya Metroid ya 3DS, kile kidude chao cha gemu cha mkononi, watu wanamsubiri Samus, shujaa wa Metroid, wanapewa kikosi cha askari wenye vichwa vikubwa. Petisheni ikasainiwa na maelfu, na gemu ikatoka 2016 kama kawaida, mauzo ndo yakadoda. Kwa hiyo saini yako haina kosa, ila usiikalie macho.

Dada naye kakosea kidogo, kinachokuuma wewe ni ile gemu kubwa ambayo hawajaitangaza. Hapo angalia nani anaitengeneza hii ya simu. Immortal ilifanywa kwa kushirikiana na kampuni ya NetEase ya China, na Diablo 4 ikatangazwa mwaka uliofuata tu, ikatoka Juni 2023. Kama hii yako kapewa studio nyingine, ile kubwa inaweza kuwa bado inapikwa. (Na ile Immortal ya "hakuna mpango" ilipotoka 2022 ilikuja na kwenye kompyuta pia, wachezaji wakaipa chini ya 1 kati ya 10 pale Metacritic, tovuti ya kukusanya alama za gemu, kwa sababu ya mambo ya kulipialipia, na hela ikaingiza vilevile.)

Kosa lako ni huyo mchoraji. Yeye kapewa kazi achore vikatuni kachora, hakuna aliyemuuliza kitu gani kitangazwe. Mwombe radhi leo leo, mistari miwili inatosha, usimweleze habari za lango. Za lango niandikie mimi, na jina la gemu, nataka kujua kama shujaa alitoka.