Faiba ya boti: mati au ya kusuka?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama ni kweli alivyokwambia fundi, kwamba faiba (nyuzi za kioo za kujengea boti) yote ni moja, cha msingi ni kuzidisha rezini (maji mazito yanayoganda yakawa magumu) ukuta wa boti uwe mnene. Mimi najenga boti za uvuvi Mkokotoni. Si kweli hata kidogo.

Nguvu iko kwenye nyuzi za kioo. Rezini inazishika tu zisihame, na kuhamisha mzigo kutoka uzi hadi uzi. Ukiizidisha umeongeza uzito, na ukuta unakuwa mwepesi wa kupasuka.

Mati ina nyuzi fupi, aghalabu za sentimita 5, zimelala ovyo kila upande. Hunywa rezini nyingi: kwa kazi ya mkono, kioo huwa kama asilimia 30 tu ya uzito. Ya kusuka hufika karibu 50, na nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana ukiivuta hustahimili takriban mara mbili ya mati. Lakini usipange ya kusuka juu ya ya kusuka, tabaka zitaambuka kwa mapigo ya mawimbi ya kusi. Tia mati katikati. Mkuku na mataruma hupindwa kwa urefu, basi huko tafuta faiba ya nyuzi zilizonyooka upande mmoja.

Kuhusu kioo chenyewe, aina ya S inaishinda E, ile ya kawaida, kwa nguvu kwa zaidi ya robo, ila bei yake haivuliki kwa dagaa. E inatosha kabisa.

Kinachosahauliwa sana ni dawa inayopakwa nyuzi kiwandani ili zishikane na rezini. Na mati ina gundi yake pia ya kushika nyuzi pamoja: nyingi hushikizwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya rezini ya poliesta. Ukitia epoksi, rezini ya aina nyingine, gundi hiyo haiyeyuki, mati inabaki kakamavu na haikai kwenye kona. Jora jipya mimi hulikata kipande cha kiganja nikakilowesha. Mati nzuri inalegea na weupe unatoweka. Ikibaki na mistari myeupe, imeingia unyevu au haiendani na rezini hiyo, na masika ndiyo hatari zaidi kama jora limelazwa sakafuni.

Na kumthibitishia fundi ni rahisi. Kateni kipande cha ukuta, mkipime kwa mizani ya dhahabu, mkichome nje mbali na watu mpaka rezini iishe, mpime kioo kilichobaki. Kikiwa chini ya robo ya uzito wa mwanzo, mwambie apunguze rezini na akandamize rola.