Wachekaji tunao, utani mpya ndio haba

Swali lenu la wiki hii: je, klabu ya vichekesho vya jukwaani inaweza kudumu katika jiji la wastani, nje ya Dar es Salaam na Nairobi? Najibu kutoka Mwanza, ambako nakodisha spika na maiki. Kwenye usiku wa vichekesho mimi hukaa kwenye mitambo, kwa hiyo nawaona wachekeshaji na wachekaji kwa pamoja.

Najua kuna watakaowaambia kwamba mikoani watu hawalipi kiingilio. Wanalipa. Mwaka jana tulifanya usiku mmoja kwenye baa huku Kirumba, shilingi 5,000 na soda juu, viti 120 vikajaa na waliochelewa wakakalia kreti za bia. Mambo yaligoma kwingine. Mchekeshaji tuliyemwita kutoka Dar alipanda na ile lafudhi ya Msukuma mgeni mjini, ambayo huko kwao inavunja watu mbavu. Kimya. Nikasikia hadi panga la mchoma nyama likigonga gogo. Msukuma mwenyewe ndiye kalipa 5,000 yake na kakaa mbele, sasa amcheke nani?

Baada yake akapanda kijana wetu, konda wa zamani wa daladala za Buhongwa. Akasema tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, waume wa Sengerema wamebaki yatima. Zamani ukirudi usiku wa manane unasema tu, "Foleni ya kivuko, mama Sada." Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji, utasingizia nini, samaki wamefunga barabara? Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa meza ya mbele alimgeukia mumewe, akamkazia macho bila kusema neno, tukaanza kucheka upya.

Mwezi uliofuata kijana akarudi na utani uleule. Alipofika "foleni ya," ukumbi mzima ukamalizia "kivuko!" kama waumini wanaitikia padri. Kumbe kuna mtu alimrekodi, na ile video ilishazunguka kwenye statasi za WhatsApp wiki nzima.

Shida yetu iko hapo. Dar aliyekusikia wiki hii anaweza asirudi miezi mitatu na ukumbi bado ukajaa. Kwetu wanaotoka nyumbani kwa ajili ya vichekesho ni walewale, nawajua hadi bia wanazokunywa. Mchekeshaji anayeanza ana dakika kumi nzuri, na kuzipata kulimchukua mwaka. Maonyesho mawili, zimekwisha. Sioni kama ni uvivu. MC wa harusi anatumia utani mmoja msimu mzima kwa sababu kila Jumamosi ukoo ni mwingine.

Na watu wa huku hawapigi makofi ya heshima. Nendeni Bujora, pale Kisesa, mwezi wa Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma: vikundi viwili hasimu, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Ukimchosha mtu, anahamia ng'ambo. Ndiyo maana vikundi vile haviji na mbinu za mwaka jana.

Kwa hiyo klabu ya kila wiki, hapana, itakufa kabla ya kumaliza deni la viti. Ya mara moja kwa mwezi inawezekana, ila wachekeshaji wasikae mahali pamoja: wa kwetu waende Geita, Kahama, Shinyanga, Bukoba, na wa huko waje. Churchill Show, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, nayo ilikuwa ikitoka Nairobi na kwenda kwenye miji kama Nakuru na Kisumu. Sisi hatuhitaji televisheni kwa hilo, nauli ya basi inatosha. Mhaya wa Bukoba akipanda jukwaani Mwanza kujisifia, nusu ya kazi imeshafanyika kabla hajafungua mdomo.

Simu zibaki mifukoni, hilo mwenye ukumbi alisimamie mlangoni. Na runinga ya mpira izimwe, maana hakuna utani unaoshindana na goli la Simba.

Yule konda anasema sasa ana dakika nane mpya. Nimezisikia zote kwenye kirikuu, usiku tukirudisha spika. Mbili ni nzuri.