Bia ya pipa London: si ya moto, ni baridi ya mtungi

Mara ya kwanza nilipoonja bia ya pipa Uingereza nilirudi kaunta na glasi yangu na kumweleza mhudumu, kwa Kiingereza changu cha Moshi, kwamba huenda friji lao limekufa. Shemeji aliyenipeleka alitamani kuingia chini ya meza.

"Shemeji," alininong'oneza niliporudi kukaa, "hiyo ndiyo baridi yake."

Kwetu swali la kwanza la baa ni moja: baridi au moto? Bia ya pipa haimo humo. Inatunzwa kwenye stoo ya chini ya ardhi, nyuzi 11 hadi 13 hivi. Ni baridi ya mtungi uliowekwa kivulini. Ukiifikia na ulimi uliozoea chupa iliyoganda barafu utadhani umeuziwa kitu kilicholala juani, utaiacha nusu, na utakuwa umejinyima. Kwa hiyo kabla ya yote, sahau chupa. Fikiria mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Nasema mbege kwa sababu ni kinywaji hai, na hii nayo ni hai. Bia ya kegi, ile ya mtungi wa gesi, kwa kawaida imechujwa, mara nyingi imepitishwa kwenye joto ili hamira ife, kisha inasukumwa kwa gesi hadi kwenye bomba. Ya pipa inatoka kiwandani na hamira yake, inamalizia kuchachuka ndani ya pipa lilelile, chini ya miguu ya wanywaji. Anayetunza stoo ndiye anayejua imeiva lini, kama bibi zetu walivyojua. Hata uchungu una ndugu yake: sisi tunatia gome la msesewe, wao wanatia maua ya hopsi. Na kama mbege, ikishafunguliwa haingoji. Pipa dogo la kawaida lina painti 72, yaani lita 41 hivi, na linatakiwa liishe kwa siku tatu hivi, kwani hewa imeshaingia na uchachu unakuja.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa unapotokea: chagua baa kwa wingi wa wanywaji wake, si kwa wingi wa pampu. Niliwahi kuingia baa moja mtaa wa pembeni, yenye pampu nane zinazong'aa na wateja watatu, nikapewa painti yenye ladha ya siki. Nikainywa yote kwa aibu ya ugeni. Usifanye hivyo. Bia ikinuka siki, irudishe kwa upole kabla hujafika nusu ya glasi. Baa inayojiheshimu itakubadilishia bila mjadala. Ila rudisha kwa sababu ya siki, si kwa sababu ya friji!

Shemeji alinipeleka baa ya The George Inn, Southwark, hatua chache kutoka kituo cha London Bridge. Unatembea Borough High Street katikati ya kelele za mabasi, unakata kwenye uchochoro, na ghafla uko uani, mbele ya jengo refu lenye roshani za mbao. Lilijengwa upya mwaka 1677, baada ya moto wa mwaka uliotangulia kuteketeza sehemu kubwa ya mtaa. Zamani magari ya farasi yaliingia uani humu na abiria wakalala ghorofani. Zamani hizo roshani zilizunguka pande kadhaa. Kampuni ya reli ikabomoa nyingine katika karne ya 19, ukabaki upande huu mmoja. Ndiyo nyumba ya wageni ya mwisho ya aina hiyo iliyosalia London, na leo ni mali ya shirika la hifadhi la National Trust. Mwandishi Charles Dickens naye alikuwa akipita hapa. Mimi kilichonishika ni sakafu: mbao zimelegea, unapotembea unahisi uko kwenye jahazi kabla hujaonja chochote.

Kaunta ina adabu zake. Hakuna mhudumu atakayekufuata mezani kuuliza unakunywa nini, unakwenda mwenyewe. Foleni haionekani, lakini ipo, na mhudumu anajua nani alitangulia. Usipige mluzi, usipunge noti. Subiri, mtazame, itakufikia. Kila mpini wa pampu una kibao chenye jina la bia na kiwango cha kileo. Kibao kikigeuzwa nyuma, hiyo imekwisha au bado haijawa tayari. Pampu yenyewe ni ya mkono: mhudumu anavuta mpini, bia inapanda kutoka chini bila gesi. Mvumbuzi Joseph Bramah aliisajili hataza ya pampu ya namna hiyo mwaka 1797, na misuli inayohitajika haijabadilika.

Omba kuonja kwanza. Watakumiminia kidole kimoja bure na hakuna atakayekuona bahili. Ukipenda, chukua nusu painti, mililita 284. Painti nzima ni 568, imezidi chupa yetu ya nusu lita, na hapo unataka kuonja tatu au nne. Anza na nyepesi, asilimia tatu na kitu, mara nyingi ni ile wanayoiita bitter. Malizia na nyeusi au kali, kwani ukianza na kali ulimi hautasikia tena kitu kingine. Inuse kabla ya kunywa. Mimi nilisikia mkate uliookwa ukaungua kidogo, kisha majani, kisha uchungu wa chai ya rangi isiyo na sukari unaobaki nyuma ya koo. Hopsi za Kiingereza, kama zile Goldings za Kent, hazina makelele ya maembe na machungwa kama za Marekani. Zinanong'ona. Inabidi unyamaze.

Kuhusu povu: kusini mwa Uingereza ni jembamba, kaskazini ni zito kama maziwa yaliyochapwa. Wanabishana sana. Usiingie.

Jambo moja lilinichekesha. Ili bia ing'ae, wengi hutia kitu kinachovuta hamira kwenda chini, na asili yake ni vibofu vya samaki vilivyokaushwa. Mabondo! Wakati wavuvi wa Mwanza wanauza mabondo ya sangara kwa wanunuzi wa China, Mwingereza anasafishia bia mabondo ya samaki wake. Asiyekula samaki aulize kaunta. Siku hizi zipo zisizotiwa.

Na ukialikwa na kundi, jihadhari na zamu. Kila mmoja hununulia wote, kwa hiyo watu watano ni painti tano, na kutoroka kabla ya zamu yako ni aibu isiyosahaulika. Sema mapema kwamba unajinunulia nusu zako. Watakuelewa.

Nimerudi mara mbili tangu siku ile ya friji. Jumatano saa tisa alasiri nilipata meza karibu na dirisha, na mhudumu akawa na muda wa kunieleza ipi imefunguliwa asubuhi hiyo. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nilikunywa nimesimama uani, mgongo ukutani, glasi kifuani, maana hata pa kuiweka hapakuwepo.