Singeli au mchiriku? Majibu kwa wanaopanga maktaba zao za muziki

Wimbo wa singeli unakimbia balaa, lakini programu ya muziki inaniandikia mapigo 105 kwa dakika. Mbona hivyo?

Programu imekata nusu. Nyingi huwekewa kikomo cha kasi, na kinachozidi hugawanywa kwa mbili. Pima mwenyewe: gonga meza kufuata mdundo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mkono ukichelewa, gonga pigo moja ruka moja, zidisha kwa 8. Singeli nyingi ziko 200 na kuendelea. Sahihisha namba kabla hujaupa wimbo jina la mtindo, la sivyo orodha itaupanga na nyimbo za taratibu.

Mchiriku na singeli si kitu kimoja?

Hapana, ingawa ni ndugu wa Dar es Salaam. Mchiriku ni muziki wa kundi, ulioshika mitaa miaka ya 1990: kinanda kidogo cha Casio kinachokoroma kwenye spika, ngoma za mkono, manyanga na mwimbaji. Jagwa Music ni mfano mzuri. Wengi huuita pia mnanda. Chagua jina moja ulitumie kote. Singeli hutengenezwa kwenye kompyuta: kipande kifupi, mara nyingi cha taarab, huharakishwa na kuzungushwa, MC akamwaga maneno juu yake.

Sikiliza kinanda peke yake. Kikikatika palepale kila mzunguko, hicho ni kipande kilichorudiwa. Kikibadilika kidogo kila kinaporudi, kuna vidole vinavyopiga.

Nikiharakisha bongo fleva hadi mapigo 200, nimepata singeli?

Umepata bongo fleva iliyoharakishwa. Andika hivyo hivyo.

Mashabiki wa Ulaya wanaiita "gabber ya Afrika". Nitumie?

Usitumie. Gabber, muziki wa dansi wa kasi wa kielektroniki, ilikulia Rotterdam, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uzito wake uko kwenye besi ya ngoma iliyochakazwa, inayogonga sawasawa. Singeli hubebwa na ngoma nyembamba zinazopishana, na MC ni nusu ya kazi. Wengi huko waliijua kupitia matoleo ya Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, kama albamu *Poaa* ya Bamba Pana (2018), ambayo sehemu kubwa ni biti bila maneno. Ndiyo maana wanasikia kasi tu. Msikilizeni Msaga Sumu, mwimbaji wa singeli, halafu tuzungumze. Wenye muziki wameshaupa jina, na linatosha.

Nimeandika "Singeli" kwenye faili, redio ya gari inaonyesha kingine. Kwa nini?

Faili la MP3 linaweza kubeba lebo mbili, yaani maelezo ya wimbo yaliyofichwa ndani yake. Ya zamani, ID3v1, huhifadhi mtindo wa muziki kwa namba tu kutoka orodha maalumu, na singeli haimo. ID3v2 hupokea neno lolote. Redio yako huenda inasoma ya zamani. Fungua programu ya kuhariri lebo, futa ID3v1, hifadhi ID3v2.3, kisha nakili upya kwenye flashi. Zingatia tahajia moja: "Singeli" na "Singelii" zitakuwa makundi mawili.